Akili ya Mama Ilikaa Mtaani

Wiki ya kwanza baada ya kumhamishia Chukwani, nje ya mji, mama alitoka chumbani asubuhi amejitanda kanga vizuri, akauliza choo kiko wapi. Sote tulicheka. Nyumba ni mpya, tukasema, na milango yote inafanana. Hata mimi siku ya kwanza nilifungua kabati la nguo nikidhani ni msalani. Kesho yake akauliza tena. Siku iliyofuata hakuuliza. Alisimama katikati ya ukumbi akiangalia mlango mmoja mmoja, mpaka mke wa kaka yangu akaja akamshika mkono. Siku hiyo hakuna aliyecheka.

Nyumba ile ni ya kaka yangu. Aliijenga kidogo kidogo, akipata anaweka tofali, akikosa anangoja, na tangu msingi alikuwa akisema chumba cha chini kinachotazama bustani ni cha mama. Kina vigae vinavyong'aa, bafu lake mwenyewe na dirisha la kupitisha upepo wa baharini. Mama alikuwa akikaa Mji Mkongwe, ghorofani, kwenye nyumba ambayo ngazi zake zimesimama wima kama za mnara wa msikiti, na magoti yake yalikwisha kulalamika siku nyingi. Kila aliyesikia anahamishwa alimwombea kaka yangu dua. Mimi pia niliunga mkono. Ukimtoa mtu kwenye ngazi mbovu ukampeleka kwenye sakafu tambarare, kwa hesabu ya kawaida umemwongezea maisha.

Hesabu ile haikutoka. Mama alitia chumvi kwenye chai. Alimwita mke wa kaka yangu kwa jina la dada yake aliyekwishafariki, akamuuliza mbona kanenepa. Kila baada ya sala ya alasiri alikwenda getini akasimama, na alipoulizwa anafanya nini akajibu, "Nangoja watu wapite." Mbele ya geti lile watu hawapiti. Zinapita gari, na vioo vimefungwa.

Maelezo yakaanza. Mke wa kaka yangu alisema kiwanja kile kabla hakijajengwa kilikuwa na wenyewe, na wenyewe hao hawakuombwa ruhusa. Kaka yangu, ambaye huwa hataki kusikia habari za majini mpaka yeye apatwe na jambo, akaitisha kisomo cha Kurani. Nilihudhuria. Kisomo kilikuwa kizuri, halua ilikuwa nzuri, kahawa ilikuwa ya moto, na mama alifurahi sana kuona watu wamejaa. Asubuhi yake akauliza choo kiko wapi.

Mimi kazi yangu ni kupima macho. Nina duka dogo mjini, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiwakalisha watu kitini na kuwauliza herufi ipi wanaiona. Kazi hii inamfanya mtu awe mgumu. Mteja hukuapia kwamba anaona vizuri, na wakati anaapa anasoma herufi ambazo hazipo. Hasemi uongo, ameona wingu, akili yake ikampa herufi. Kwa hiyo mimi mtu akiniambia jini, huwa nauliza kwanza kama taa inawaka. Nilimwambia kaka yangu kisomo kisiachwe, lakini mama naye apelekwe kwa daktari. Akakubali, kwa sharti nimpeleke mimi, maana yeye hakuweza kukaa kusikiliza mama akiulizwa maswali ya mtoto wa chekechea.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole, na alijua adabu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wazee wako hawajambo?"

Daktari akajibu hawajambo, mama akauliza na hali ya nyumbani, na kwa muda ilikuwa kama daktari ndiye aliyekuja kupimwa. Kisha maswali yakaanza. Leo siku gani?

"Mjukuu wangu, si wewe uliyenipa miadi? Kama we daktari hujui, mie ntajuaje?"

Daktari akacheka. Akamwambia atamtajia vitu vitatu avishike akilini, kisha atamuuliza tena: ndizi, ufunguo, mkeka. Wakazungumza mambo mengine, halafu akamuuliza vitu vile. Mama akanigeukia mimi bila kubabaika hata kidogo.

"Mwanangu atakwambia. Ndo maana nimekuja naye."

Nilijivuna pale kitini. Nikajiambia mtu anayejibu hivi ana akili ya kutuuza sote sokoni. Daktari hakujivuna wala hakucheka tena. Alipomaliza alimwomba mama akae kidogo nje na muuguzi, akaniambia kwamba huu ni ugonjwa wa kusahau, na kwamba haukuanza Chukwani. Kwa alivyoona, una miaka kadhaa. Akasema wenye maneno mazuri huficha kwa muda mrefu, na mama alikuwa na maneno mazuri sana.

Nilibishana naye. Nilimwambia mimi nilikuwa nakwenda kwa mama kila Ijumaa, bila kukosa, na kila Ijumaa nilikuta pilau imeiva, nyumba imefukizwa udi, mama amekaa ananingoja, ananipokea kwa jina langu. Mtu anayepika pilau ile hana kasoro ya akili. Pilau si kuchemsha maji: ina vitunguu vya kukaanga mpaka viwe rangi yake, ina bizari za kutia kwa zamu, ina maji ya kukadiria kwa jicho. Daktari alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Na nani mwengine huwepo?"

Sikuwahi kulihesabu kama jambo. Katika Mji Mkongwe mwengine huwapo daima.

Niliondoka pale na swali moja tu, na si la miaka mingapi. Kama mama alikuwa akisahau muda wote huo, basi nilitaka kujua kama mimi alikuwa bado ananijua. Wengine wangetaka kujua dawa. Mimi nilitaka kujua hilo kwanza, na sioni haya kulisema.

Siku chache baadaye nilikwenda kwa jirani wa mama, mwanamke wa rika lake anayekaa nyumba ya mlango wa pili, ambaye yeye na mama waliitana shoga tangu wote wawili walipokuja mtaani pale wakiwa maharusi. Nilimkuta barazani kwake anachambua mchele. Nikamwamkia, nikakaa, nikauliza hali, nikajibiwa, nikaulizwa hali ya mama, nikasema. Kisha nikamuuliza waziwazi: mama ameanza lini kusahau?

Akaendelea kuchambua. "Uzee huo, mwanangu. Nani asiesahau?"

Nikauliza tena. Akasema mchele wa siku hizi una mawe mengi. Nikapandwa na hasira, na hasira yangu ni ya maneno, nikamwambia mficha maradhi kilio humfichua.

Aliweka ungo chini. "Mamako hakuficha kitu," akasema. "Tumeficha sie."

Akaniambia. Hakuniambia kwa mpango. Alikwenda mbele akarudi nyuma. Lakini habari yenyewe ilikuwa hivi. Ilianza siku mama aliposimama mlangoni kwake asubuhi, na kapu mkononi, akashindwa kujua aende kulia au kushoto. Mzee mmoja aliyekaa barazani alimwona. Hakumuuliza kitu. Aliinuka, akasema, "Bi mkubwa, na mie nnakwenda dukani," akatangulia mbele. Mama akafuata. Tangu siku hiyo, kila mama alipotokeza na kapu, yeyote aliyekuwapo barazani alikuwa na safari ya dukani.

Dukani palikuwa na mwenye duka, Mhindi mtu mzima ambaye baba yake naye aliuza palepale viungo na nafaka. Mama alikuwa akiingia, akisalimia, akisimama. Alikuwa hajui amekuja kununua nini. Mwenye duka hakuuliza. Alianza kufunga sukari, majani ya chai, bizari, mkate wa boflo, huku akizungumza habari za mvua, akampa. Siku nyengine mama alirudi tena adhuhuri, kwa shughuli ileile. Akafungiwa tena, vilevile, bila jicho kupepeswa. Jioni yule shoga yake alikuwa akipanda juu kumtembelea, na akishuka ameficha kifurushi cha pili ndani ya buibui, anakirudisha dukani.

"Na pilau?" nikauliza.

"Yeye akichambua mchele, mie nkipika. Nkimpa mwiko akoroge mara moja mwishoni, ili asiwe muongo akisema kapika."

Nikacheka, kwa kuwa kulikuwa na la kuchekesha, kisha nikamuuliza kuhusu jina langu. Hapo hakutaka kabisa. Nilimngoja. Mwisho akaniambia kitu ambacho nilikuwa nikikisikia kila Ijumaa kwa masikio yangu bila kukisikia. Nilipoingia kichochoroni, yeye alikuwa dirishani. Akanyanyua sauti: "Shoga! Mwanao huyo kaja!" na kutaja jina langu. Mimi nilichukulia ni kelele za mtaa. Nilikuwa hata nakunja uso kidogo, nikiona anautangazia ulimwengu wote safari zangu. Nikipanda zile ngazi, mama yuko juu, ameshapewa jina, ananipokea nalo.

Sisi watu wa Unguja tuna neno letu, stara. Aibu ya mwenzio unaitupia nguo haraka kama ungefanya kwa mtu aliyeanguka njiani akafunuka, na ukishaifunika huulizi na husimulii. Nimelelewa kuiheshimu, na naiheshimu. Lakini siku ile barazani niliiona upande wa pili. Mtaa mzima ulimsitiri mama vizuri hata watoto wake hatukujua kwamba anaumwa. Tungejua mapema tungempeleka kwa daktari mapema, na kwa hakika tusingemhamisha. Tulimwona mwanamke mwenye magoti mabovu na akili timamu, tukayaponya magoti. Akili tukaiacha nyuma kichochoroni, imekaa barazani na imesimama nyuma ya kaunta, hatukujua kuwa nayo ilitakiwa ipakiwe garini pamoja na godoro.

Husemwa akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mama alikuwa akitumia za watu, na walimpa bila kuzidai.

Kuna jambo huwa nawaonesha wateja wangu wanapobisha. Nyuma ya jicho pana mahali unapotokea mshipa unaopeleka habari kwenye ubongo, na mahali hapo hapaoni kitu. Kila mtu ana upofu huo, na wote wenye macho yao mazima hawaujui. Namwambia mteja afunge jicho moja, anitazame pua, mimi nasogeza kalamu pembeni polepole. Ghafla ncha ya kalamu haipo. Anashtuka. Namwuliza, hapo ilipopotea umeona nini, tundu? Anasema hapana, ameona ukuta tu. Ubongo umetazama ukuta wa pembeni ukaweka kiraka cha rangi ileile, wala haukumwambia mwenyewe. Nimeonesha hivyo kwa miaka, watu wakistaajabu, na mimi nikiwaona wa kuchekesha. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu mzima aweza kuwa ndiye ile ncha ya kalamu, na mtaa ukaweka kiraka.

Nilimwomba yule jirani kitu kimoja. Nilimwambia tutamrudisha mama, mimi nitahamia naye pale juu, nimefunga mdomo wa kaka yangu au nitaufunga. Lakini siku moja, siku moja tu, nitakapotoka kazini, asinitangaze. Nipande kimya, nimwone mama uso kwa uso, nijue.

Akaniangalia. "Unataka kumpima mamako kama unavyopima watu dukani?"

"Nataka kujua."

"Akifeli utapata nini? Miwani ya kumpa unayo?"

Sikuwa nayo. Nikamwambia basi, aendelee kutangaza.

Kumrudisha hakukuwa rahisi. Kaka yangu alikasirika kuliko nilivyotarajia. Alisema watu watasema mama kamshinda. Alisema amejenga chumba kile kwa ajili ya nani. Halafu akalia, mwanamume mzima, amekaa ukingoni mwa kitanda ambacho mama alikuwa hakioni kuwa chake, na mimi nikakaa karibu naye. Nilimpenda sana kaka yangu siku ile. Mwisho yeye mwenyewe ndiye aliyenunua kamba nene, akaja na fundi, wakaifunga ukutani kwenye ngazi zile kuanzia chini mpaka juu, ili mama apate pa kushika. Na kila Jumapili humchukua mama kwa gari kumpeleka kuzunguka, mara Amani kwa jamaa zetu, mara ufukweni, ikibidi mpaka Uroa, kisha humrudisha kabla hajachoka.

Mama alirudi mtaani kama mtu aliyetoka sokoni. Hakuuliza alikuwa wapi. Alishika kamba, akapanda, akafungua dirisha, akaita chini, akaitikiwa. Siku ileile alikwenda dukani, mtu akamtangulia. Choo alikiendea mwenyewe. Daktari aliniambia nisijidanganye, kwamba ugonjwa unaendelea na safari yake, na najua alisema kweli. Lakini mama alinawiri. Mimi nikajifunza kazi ya mtaa: kutouliza maswali ambayo jibu lake ni kumbukumbu, kumpa mtu jina lake kabla hajaingia, kusema "kama ulivyoniambia" kwa jambo ambalo hajaniambia. Ni kazi inayochosha. Nilishangaa kwamba watu waliifanya muda wote ule, bure, kwa uso wa kawaida.

Mama na mimi tuliishi vizuri. Aliniita mwanangu. Alinitengea chai. Ikinyesha mvua alinigombeza kwa kutoka bila mwavuli. Swali langu sikulisahau, lakini lilipungua makali. Nilijiambia kwamba mtu hamgombezi asiyemjua kwa ajili ya mwavuli.

Siku moja umeme ulikatika mjini, na mashine zangu bila umeme ni vyombo vya mapambo. Nikafunga duka asubuhi, nikapitia kununua boflo, nikarudi nyumbani saa nne. Dirisha la jirani lilikuwa wazi lakini yeye hakuwapo. Nilipanda ngazi na viatu vyangu vya mpira, nimeshika kamba, na karibu ya kufika juu nikasikia sauti zao. Jirani alikuwa kwetu. Wamekaa mkekani, nadhani, nilisikia vikombe.

"Shoga," mama akasema, "nikuulize kitu, usinicheke."

"Uliza."

"Huyu mwanamke anaekaa na mie hapa. Huyu mrefu. Nani?"

Nilisimama mguu mmoja juu, mmoja chini.

"Si mwanao huyo, shoga," jirani akasema, taratibu. "Mwanao wa kike."

"Wangu mie?"

"Wako."

Mama akavuta pumzi. Nikangoja aseme amekumbuka. Nilitaka aseme hivyo kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

"Haya," akasema. "Basi usimwambie kama nimekuuliza. Mtu mwema yule, ananitazama vizuri. Akijua simjui ataona vibaya. Mie humwita mwanangu, anafurahi."

Iliniuma. Iliniuma hasa, nikakaa pale gizani kwenye ngazi na boflo mapajani, nikalia bila kutoa sauti. Nilikuwa nimepata nilichotaka kujua. Hakunijua. Na hata hivyo, mwanamke asiyejua leo ni siku gani alikuwa ameshika kwa muda wote ule, kila siku upya, kwamba kuna mgeni ndani ya nyumba yake ambaye hafai kuaibishwa.

Nilishuka mpaka chini. Nikajifuta uso kwa ncha ya mtandio. Kisha nikapanda tena, mara hii nikikanyaga kwa nguvu, na nilipofika katikati nikaita hodi.

"Karibu, karibu mwanangu!" mama akaitikia, na sauti yake ilijaa furaha. "Mbona leo mapema?"

"Umeme umekatika, mama."

Jirani hakunitazama. Mama akanisogezea kikombe, akanimiminia chai, akachukua boflo mikononi mwangu akanishukuru sana, kama anavyoshukuriwa mtu aliyeleta zawadi kutoka mbali. Kisha akaniangalia usoni kwa upole, akatafuta la kuniuliza, akalipata.

"Na watoto hawajambo?"

Sina watoto. Sijapata kuzaa.

"Hawajambo, mama," nikasema. "Wanakusalimu."